Safu ya Tatu

Mkurugenzi kaniletea jedwali kutoka Kampala,
safu tatu, penseli, siku nne.
Ya kwanza: fedha za utafiti.
Ya pili: tija kwa kila mtu.
Ya tatu: ajira.
"Jaza, Amongin," akasema, "usiniandikie hadithi."

Basi nikaanza na kilimo, kwa nambari,
na nambari ikanirudisha mwaka ule
karanga zilipopata ukoma Serere nzima,
majani yamejikunja kama masikio ya mbwa mgonjwa,
na Okiror wa maabara akilala na mbegu zake
katika banda lisilo umeme,
akihesabu vidukari kwa tochi ya simu.
Miaka tisa. Misimu kumi na minane.
Bajeti ilipokatwa,
bahasha za mbegu zilinunuliwa kwa mshahara wa mkewe,
mwalimu wa darasa la tatu.
Mke huyo ni safu ya ngapi?

Msimu wa kumi na tisa mbegu ilisimama.
Ukoma ulipita shambani kwa shangazi Akurut
kama mgeni aliyekosa mlango.
Magunia mawili yakawa saba.
Saba! Hiyo niliiandika kwa mkazo,
penseli ikatoboa karatasi.

Lakini magunia saba yana maganda ya magunia saba.
Zamani, kila Agosti, wanawake kumi na wanne
waliketi uani kwa Akurut wakimenya,
vidole vinachubuka, midomo haichoki,
malipo kopo moja kwa kila makopo kumi
na umbea bila malipo.
Kisha ikaja mashine, nayo ni mtoto wa utafiti,
ya mpini, mfano wa baiskeli iliyokatwa miguu.
Mtu mmoja anaizungusha saa nzima
akamaliza kazi ya kutwa ya wote wale.
Tija: imepanda.
Ajira: kumi na wanne, toa kumi na watatu.
Nilifuta, nikahesabu upya.
Hesabu haikuwa na huruma, wala haikuwa na kosa.

Ngoja, lakini.
Adeke, mmoja wa wale waliotolewa,
leo anasaga karanga sokoni Soroti,
kaajiri wasichana wawili na kijana wa kuosha chupa.
Elungat, mchomeleaji, anaunda mashine hizo hizo
na hana nafasi hadi Februari.
Hawa ni viwanda? Ni huduma?
Karanga zilizotoka kilimo zimevuka mstari
na jedwali langu halina daraja.

Na Ikwaru, mwenye vidole vyepesi kuliko wote?
Ikwaru anakaa tu.
Mashine haikumchukia.
Haikumjua.

Siku ya tatu nikapiga simu Jinja, kiwanda cha nguo.
"Utafiti?" Sauti ikacheka.
"Tuna Mudoola, na kitabu cha Kichina ambacho Mudoola hasomi."
Nikaandika sifuri.
"Na wafanyakazi?"
"Walewale. Na vitambaa vilevile.
Na wateja wanapungua."
Kwa hiyo sifuri nayo ina watu wake
wanaopoteza kazi polepole, bila mashine ya kulaumu.

Siku ya nne mkurugenzi akainua karatasi dirishani.
"Mbona safu ya tatu ina nambari mbili kila mahali?"
Ya waliotoka, nikamwambia, na ya walioingia.
Katikati nimeweka mkwaju,
si mti, bwana, ni alama.
"Jumlisha."
Siwezi. Si watu walewale.

Alikunja, akatia mfukoni.
Gari la Kampala liliondoka saa nne,
nami sijui huko watanijumlishia vipi.

Jioni Okiror alikuja, viatu mkononi, miguu matope.
Sasa ameanza mtama.
Hakuuliza habari za jedwali.
Aliomba bahasha.
Nimempa za ofisi, mia mbili,
na sikuziandika popote.